Kijiko cha Kwanza

Kalemie, tarehe 11 mwezi wa pili 2024

Papa,

Salamu nyingi kutoka huku Kalemie. Natumaini barua hii inakukuta umesimama kwa miguu yako miwili, na mdogo wangu Divine pia, na nyumba yetu ya Songo ingali kavu. Mimi nipo. Afya ipo, kula kupo, kulala kupo.

Najua utaangalia kwanza jina la aliyeandika, halafu utataka kuirudisha kwa aliyeileta. Usiirudishe. Miaka sita ni mingi. Nilikupigia simu, ukanitumia neno kupitia Divine kwamba sauti yangu huitaki, kama nina jambo niandike, kwa sababu maneno ya simu hayana shahidi. Basi karatasi ndiyo hii, na sahihi yangu iko chini.

Antoine, fundi wa mashine kwenye bato, ile meli inayofanya Kalemie na bandari yenu ya Kalundu, ananiambia kwamba ungali kapita, msimamizi wa ekipe ya wabebaji, na kwamba gunia la kwanza la kila bato bado unalibeba weye mwenyewe kabla ya vijana kugusa mzigo, kama ilivyo desturi yenu. Anasema pia kwamba ukishalitua unashika ukuta. Papa, una miaka hamsini na nane. Nimebeba simenti pale Kalundu miaka mitatu, najua inavyoshuka hadi magotini.

Huku nafanya kazi kwenye sale ya mazoezi, mahali watu wanapoinua vyuma ili wapate mwili. Ndiyo, wanabeba mizigo bila mtu kuwatuma, unaweza kucheka. Wanatumia unga unaoitwa acides aminés. Si dawa ya kulevya, si zile tembe wanazomeza vijana wa bandarini ili wasisikie maumivu. Ni chakula cha misuli tu. Misuli ikichanika kwa kazi, unga huu unasaidia kuijenga na kupunguza uchungu wa kesho yake. Kijiko kimoja baada ya kazi, ndani ya nusu lita ya maji, na siku nzima unywe maji mengi. Mtu mwenye ugonjwa wa figo asiutumie.

Nakutumia kopo moja. Ni jipya kabisa. Chini ya kifuniko kuna karatasi inayong'aa, imegandishwa pande zote, na weye mwenyewe ndiye utakayeipasua. Sisi huwaambia wateja: ukikuta imepasuka, usinywe, rudisha.

Msalimie Divine. Mwambie nakumbuka ugali wake ulioungua.

Mwanao,
Modeste


Songo, Uvira, tarehe 2 mwezi wa tatu 2024

Modeste,

Barua imefika. Kopo limefika. Sisi tuko wazima, ziwa tu ndilo linapanda, limeshaingia kwenye nyumba za chini kule Kalundu na watu wanatembea juu ya mbao. Asante kwa kuuliza.

Minye ni muntu wa kuuliza, unanijua. Kwa hiyo nijibu moja moja, usiruke hata swali. Kopo ulilitoa wapi? Kabla ya Antoine lilikuwa mikononi mwa nani? Uliandika barua Jumapili, bato imeondoka siku gani, na katikati lililala wapi? Nani mwingine kule Kalemie anajua kwamba una baba Uvira na kwamba unamtumia kitu cha kunywa?

Na jambo lingine. Antoine hakuniletea mwenyewe. Nilikabidhiwa mfuko na kijana wa bato ambaye sijawahi kumwona, akasema Antoine ameshuka njiani, kwenye mji wa Baraka, na homa. Nikamwangalia macho, akaangalia maji.

Unga wako ninautumia. Ni mtamu. Magoti yanasikia nafuu.

Divine anasema ugali ule hakuunguza yeye, uliunguza weye.

Baba yako,
Gaspard


Kalemie, tarehe 17 mwezi wa tatu 2024

Papa,

Nimefurahi hadi nimesoma barua yako mara nne. Hata ulivyonihoji nimefurahi, maana ni weye kabisa. Huku hatujambo, mvua tu ndiyo inatutesa.

Nakujibu bila kuruka. Kopo nililitoa kwa patroni, mkubwa wangu pale sale, yeye huyapata kutoka Lubumbashi, na minye nilichagua la chini kabisa kwenye katoni. Jumapili lililala chumbani kwangu, juu ya sanduku langu. Jumatatu asubuhi nilimkabidhi Antoine bandarini, mkono kwa mkono. Anayejua ni Antoine tu. Huyo kijana simjui, lakini Antoine namwamini, weye pia unamwamini, alikuwepo kwenye kilio cha mama.

Sasa na minye nina swali dogo. Umeandika kwamba unga ni mtamu. Unaukorogaje? Ukiutia majini unayeyuka mara moja, au unafanyaje? Nieleze na rangi yake. Nauliza kwa sababu ya kazi tu, tunaandika jinsi kila mtu anavyousikia.

Magoti yakipata nafuu usiongeze mzigo. Nafuu ya unga ni ndogo, Papa, haimrudishi mtu kwenye miaka ishirini. Ningependa kusikia kwamba gunia la kwanza umempa mwingine.

Mwanao,
Modeste


Songo, tarehe 6 mwezi wa nne 2024

Modeste,

Pasaka imepita vizuri, tunashukuru. Divine alikuwa na kikohozi, kimekwisha. Natumaini na weye hujambo.

Unayeyuka mara moja, kama sukari. Rangi yake ni ya machungwa, kama kwenye picha ya kopo. Nakunywa kila siku nikitoka kazini, nasikia utamu hadi kooni. Nadhani hilo linatosha kwa kuandika kwenu.

Unataka gunia la kwanza nimpe nani? Hatungimana? Ndiye mbebaji wangu anayelitaka, pamoja na ukapita, na naona wote mnalijua jina lake hata nisipolitaja. Ninajiuliza kama ni weye unayeniandikia au kuna muntu nyuma ya bega lako. Kwanza mwana ananyamaza miaka sita, halafu unga, halafu shauri la kuacha ukapita. Vitu vitatu vimefuatana na minye nimevihesabu.

Hata hivyo asante kwa unga.

Baba yako,
Gaspard


Kalemie, tarehe 21 mwezi wa nne 2024

Papa,

Natumaini hamjambo nyumbani. Minye sijambo mwilini, lakini roho imechafuka, na ni afadhali niseme.

Huo unga hukuunywa hata siku moja. Majini ni mweupe kama maji ya kuoshea mchele. Hauyeyuki, unaelea juu na kushika pembeni mwa chupa, lazima utikise mpaka mkono uchoke. Na ni mchungu. Hata wakitia ladha ya ndimu, uchungu unabaki kwenye ulimi mpaka ule kitu kingine. Hakuna aliyewahi kuuita mtamu. Umesoma picha ya kopo ukaniandikia picha.

Basi uko wapi? Umeuuza? Umeumwaga ziwani? Au umempa mtu mwingine aunywe, uone atakuwaje? Nakujua, Papa. Nijibu vile ulivyotaka nikujibu, moja moja.

Na Hatungimana sijamwandikia tangu nitoke Uvira. Hilo limeniuma kuliko uongo wa unga.

Modeste


Kalemie, tarehe 19 mwezi wa tano 2024

Papa,

Wiki nne na hakuna jibu. Leo Antoine amenikuta sale, ameniambia kwamba tarehe nne ulianguka kwenye mbao na gunia la simenti begani, ukaingia majini hadi kifuani, na goti limevimba kama papai. Ameniambia pia kwamba ulikataa kubebwa.

Sitaki ugomvi. Nilikuandikia kwa hasira na ninajuta. Kama hutaki unga, utupe. Sikuutuma ili nikushinde. Niambie tu goti likoje, unatembea au hutembei, na nani anakusaidia kuinuka. Divine simu yake haipatikani. Nimeomba ruhusa kwa patroni nije, kanijibu nisubiri mwisho wa mwezi wa saba.

Andika hata mstari mmoja. Kama mkono hauwezi, mwambie Divine aandike na weye utie sahihi, maana najua bila sahihi hutaamini hata barua yako mwenyewe.

Mwanao,
Modeste


Songo, tarehe 2 mwezi wa sita 2024

Modeste,

Tuko hai. Goti linakunjika, natembea kwa fimbo mpaka barabarani na kurudi. Simu ya Divine iliingia maji. Divine ndiye anayeniinua, na ananung'unika kama mama yako alivyokuwa akinung'unika.

Nimekaa wiki nne na karatasi hii. Sasa nakwambia yote, ili usiseme baba yako ni muongo bila sababu. Sababu iko.

Siku kopo lilipofika niliketi mlangoni, nikasoma barua yako mpaka mwisho, halafu nikafungua kifuniko. Karatasi inayong'aa ilikuwa imepasuka. Haikupasuka kwa safari, ilichanwa na muntu, kutoka ukingo mmoja hadi katikati, na ndani ya unga kulikuwa na shimo la kijiko. Na mkononi ninayo barua yako inayosema ni jipya, na kwamba nikikuta imepasuka nisinywe. Ungekuwa weye ungefikiri nini?

Nilifikiri mambo mengi. Nilifikiri kijana wa bato. Nilifikiri Antoine, ndiyo maana sikumuuliza, kwa sababu ukimuuliza mwenye kosa unampa nafasi ya kujitengenezea jibu. Nilifikiri Hatungimana. Na nilikufikiria weye, mwanangu, nalisema bila kuficha. Nilikufikiria kwa sababu najua unachokifikiri juu yangu.

Sikuutupa. Divine ana bata, yule dume mweupe mwenye kelele. Kila siku nilimtilia kijiko kimoja kwenye pumba, kikavu, bila maji, nikaketi kumwangalia. Ndiyo maana sikuijua rangi. Nilimfanyia hivyo miezi miwili. Bata hakufa. Amenenepa, ananguruma, anawafukuza watoto wa jirani hadi kisimani, na Divine hajui ni kwa nini. Hapo ndipo ningeweza kunywa. Lakini karuho haina haraka, weye unajua. Ile ni sumu ya polepole, muntu anaila leo na anazikwa baada ya mwaka. Nikasema bata naye huenda anangoja zamu yake.

Baada ya kuanguka nilimtuma Divine kwa Yasmine, yule muuza dawa wa farmasi karibu na msikiti. Alikuja mwenyewe hapa nyumbani, akasoma etiketi yote, akanusa. Akanieleza kwamba kilichomo ni vipande vya protini, vile vile unavyovipata kwenye samaki wadogo wa ndagala na maharagwe, ila hapa vimetengwa na kufanywa unga. Mtu mzima mwenye figo nzuri hautamdhuru, na pia asitegemee muujiza. Nikamwonyesha ile karatasi iliyochanika. Akalirudisha kopo mezani polepole. Akasema: «Papa Gaspard, mimi nasema juu ya kile kilichotoka kiwandani. Juu ya kile kilichoingia njiani siwezi kusema.»

Jumapili iliyofuata ekipe nzima ilikuja kuniona. Divine aliwapa kasikisi, ile pombe yetu ya ndizi. Nikaonja minye kwanza, kama mwenye nyumba anavyopaswa ili wageni waone hamna sumu, nikampa mbebaji wetu Ndikumana. Akaangalia kikombe. Akaniomba nionje tena. Wengine wakaangalia chini. Miaka sita, Modeste, na bado katika mji huu minye peke yangu ndiye ninayeonja mara mbili.

Unajua ilianzia wapi. Ilianzia siku ya kumaliza kilio cha mama yako, mbele ya watu wa Songo wote na wajomba zako waliotoka Lubarika, nilipoonja kikombe nikakupa, nawe ukakimwaga chini. Hapo wote wakaamini kwamba nimemlisha mama yako sumu. Karatasi ya hospitali inayosema ni ugonjwa wa ini uliomuua iko hadi leo ndani ya sanduku langu, hakuna aliyeomba kuiona, wote walikuwa wamekuona weye.

Sasa niambie ukweli mmoja tu. Nani alichana karatasi ile?

Baba yako,
Gaspard


Kalemie, tarehe 16 mwezi wa sita 2024

Papa,

Nakusalimu kwa magoti yangu, kwa kuwa yako yanauma. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama bandarini, ikabidi nikae juu ya mzigo wa mtu.

Ni minye niliyeichana.

Ilikuwa Jumatatu ile asubuhi. Barua ilikuwa imeshafungwa na gundi. Nilipompa Antoine mfuko akauliza ni kitu gani, nikamwambia ni unga wa kunywa, wa mzee. Akasema: «Weye, Modeste, unamtumia Gaspard kitu cha kunywa na hujakionja?» Hakuwa ananichokoza, alikuwa ananionea huruma. Nikaona aibu hadi masikioni. Nikafungua kopo pale pale, nikaichana karatasi, nikaazima kijiko cha mama anayeuza uji, nikatia kijiko kizima kinywani kikavu, bila maji. Kilinipalia, nikakohoa mpaka machozi, watu wakacheka. Nikafunga. Nikamwambia Antoine: ukifika, mwambie kwa mdomo wako kwamba mwanao ameonja mbele yangu. Barua sikuifungua tena, kwa sababu bato ilikuwa imeshapiga honi.

Sikujua kwamba homa itamshusha Baraka. Na uliponiandikia kwamba umekabidhiwa na kijana, ningeweza kukueleza. Sikukueleza. Nilidhani Antoine atakuwa amekwambia baadaye, lakini huo si ukweli wote. Ukweli ni kwamba kusema «nimeonja» ningelazimika kusema na kile kikombe, nami nilikuwa nakizunguka kikombe kile miaka sita bila kukigusa.

Nikiguse sasa. Siku ile nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mama alikuwa amevimba tumbo wiki tatu, na kila mtu aliyenishika mkono pale kwenye kilio alininong'oneza neno moja: karuho. Sikuamini wala sikukataa. Ulipoonja na kunipa, niliona midomo yako imelowa, na bado mkono wangu ukakimwaga. Uliniheshimu kwa kuonja, minye nikakuua mbele ya watu. Karatasi ya ini sikuiomba kwa sababu niliogopa kuiona. Ingekuwa kweli ni ini, basi minye ningekuwa nani?

Nisamehe, Papa. Silisemi kwa ajili ya unga. Unga mpe bata wote kama unataka. Nisamehe kwa kikombe.

Usiniamini minye. Muulize Antoine. Muulize bila kumpa nafasi ya kutengeneza jibu, vile unavyojua weye.

Mwanao,
Modeste


Songo, tarehe 14 mwezi wa saba 2024

Mwanangu Modeste,

Amani iwe kwako na chumba unachokaa. Sisi tuko salama. Fimbo nimeiacha Jumatano. Ziwa limeanza kurudi nyuma na limeacha harufu mbaya kila mahali.

Nilimngoja Antoine kwenye mbao, kabla hajashuka vizuri nikamwuliza: mwanangu alikohoa au hakukohoa? Akashika kichwa kwa mikono miwili. Akasema Mungu wangu, nililisahau lile neno. Alikumbuka kila kitu, hata mama wa uji na kijiko chake. Nilitaka kumkaripia, lakini muntu aliyekuwa na homa ya kufa Baraka utamkaripia nini. Nikamwambia alirudie neno lile mbele ya ekipe. Akalirudia.

Hapo niliagiza kopo. Nikautia unga kwenye ndoo, nikatikisa, na kweli unaelea, unatia hasira. Nikanywa kikombe mbele yao. Modeste, kitu kile ni kichungu. Na kuna watu wanakilipia? Halafu, kwa kuwa hapa hakuna anayekunywa peke yake wenzake wakimwangalia, nikawapa. Ndikumana alinyoosha mkono akanywa, hakuniomba nionje tena. Hatungimana akanywa. Wote walikunywa, wakakunja nyuso, wakaomba tena kesho yake ili waone kama wamepata nguvu. Siku mbili kopo likaisha. Hakuna aliyepata misuli, ila bata amekonda na anapita kila asubuhi kuulizia.

Gunia la kwanza nimempa Hatungimana. Hakuna aliyenisukuma. Minye nasimama juu ya mbao naelekeza miguu ya watu, na kapita nimebaki minye. Nilikukosea kwa lile neno la bega lako. Nalifuta.

Kuhusu kikombe, umeomba, nimesikia. Nilikaa na barua yako siku nyingi kwa sababu maneno yalikuwa mepesi kuliko miaka ile, na hilo ni kosa la maneno, si lako.

Kopo linarudi kwako. Sikulirudisha tupu, haifai. Yasmine alisema kilichomo ndani ya unga wako kimo ndani ya ndagala, basi nimekujazia ndagala wakavu wa huku kwetu, waliokaushwa na Divine juu ya mchanga mkavu. Limefungwa kwa utepe, na utepe nimeukata tena minye mwenyewe ili nionje, usishangae. Juu kabisa kuna ndagala mmoja aliyebaki nusu. Nusu nyingine nimeila minye, na Antoine alikuwa ananiangalia. Meno utayaona.

Sikuombi uandike. Unajua cha kufanya, na unajua mbele ya nani.

Baba yako,
Gaspard


Kalemie, tarehe 28 mwezi wa saba 2024

Papa,

Nawasalimu wote, weye, Divine, na bata.

Hukuniomba niandike, lakini karatasi ni shahidi, weye ndiye uliyenifundisha. Kopo lilifika Alhamisi. Nakwambia ukweli hata kama ni mbaya: niliangalia ndani, nikamwona yule ndagala wa nusu, nikafunga. Ijumaa nikafungua, nikafunga. Nilimfanyia hivyo mpaka jana. Sikudhani kitu juu yako, naapa. Ni mkono tu, umezoea kukataa, unatafuta sababu hata mahali pasipo na sababu. Nikasema kumbe ndivyo ulivyokaa miezi miwili mbele ya bata.

Leo baada ya misa nimelipeleka kopo bandarini. Antoine alikuwepo, Lionel wa Kalundu alikuwepo, na watu wengine watano au sita wa Uvira waliokuwa wakingoja bato, wawili kati yao walikuwepo kwenye kilio. Nikawaambia: hiki kimetoka kwa baba yangu, Gaspard, kapita. Nikachukua ile nusu, penye meno yako, nikaitafuna na kichwa na mifupa, nikameza. Sikunywa maji. Lionel aliniuliza kama kuna zaidi, nikampa kopo, wakala wote wamesimama. Nililia kidogo, na hakuna aliyecheka.

Patroni amenipa siku kumi. Ninapanda na Antoine wiki ijayo, na safari hii nimemkataza kuumwa.

Papa, nikifika nitaketi mahali pale pale nilipokuwa nimeketi siku ya kilio. Waite watu wa ekipe, na wajomba wa Lubarika kama wanaweza kushuka. Kikombe kile kama bado kipo, kitoe. Kama hakipo, chochote kitafaa. Nimiminie kasikisi, unipe mkononi mbele yao.

Na usionje kwanza.

Mwanao,
Modeste